Jibu kwa msomaji: Je, Ferdinand iliangamia kwa kukosa bunduki ya rashasha?

Ndugu msomaji, umeuliza iwapo ni kweli kwamba Ferdinand, gari zito la Kijerumani la kuwinda vifaru katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliangamia katika mapigano ya Kursk mwaka 1943 kwa sababu haikuwa na bunduki ya rashasha ya kuwazuia askari wa miguu. Umeuliza pia nguvu na udhaifu wake halisi ulikuwa upi, na kama Wajerumani walijifunza chochote kutokana nayo.

Jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana. Kukosa rashasha kulikuwa kasoro ya kweli, na iligharimu maisha ya watu. Lakini Ferdinand nyingi zilizopotea Kursk zilisimamishwa na mabomu yaliyotegwa ardhini, kisha zikapotea moja kwa moja kwa sababu gari la tani 65 lililokatika mnyororo mbele ya mizinga ya adui halivutiki kirahisi. Simulizi la rashasha limependwa kwa kuwa ni jepesi kusimulia: jitu lenye nguvu linauawa kwa kukosa kitu kidogo. Simulizi hilo linaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba gari hili lilikuwa silaha ya kujihami iliyotumwa kufanya kazi ya kushambulia.

Udhaifu wake ulianzia kiwandani. Mwaka 1942 makampuni mawili, Henschel na lile la Ferdinand Porsche, yalishindania kandarasi ya kutengeneza kifaru kizito kilichokuja kujulikana kama Tiger. Vielelezo vyao vilioneshwa mbele ya Hitler huko Rastenburg, kwenye makao yake ya vita ya Prussia Mashariki, tarehe 20 Aprili 1942, siku yake ya kuzaliwa. Kielelezo cha Porsche kilikuwa na mfumo wa ajabu wa kuendeshea: injini za petroli hazikuzungusha minyororo moja kwa moja, bali zilizungusha jenereta, jenereta zikatoa umeme, na umeme huo ukaendesha mota mbili, moja kwa kila mnyororo. Ulikuwa ubunifu wenye mantiki, kwa maana uliondoa giaboksi kubwa ambayo ndiyo iliyovunjika mara kwa mara katika vifaru vizito vya siku zile. Hata hivyo kielelezo hicho kilisumbua sana, injini zake zilizopozwa kwa hewa hazikuaminika, na Henschel akashinda.

Tatizo ni kwamba Porsche alikuwa ameshaanza kutengeneza mabodi, yaani miili ya chini ya vifaru, kabla ya uamuzi kutolewa. Katika kiwanda cha Nibelungenwerk huko St. Valentin, Austria, mabodi takribani 90 yalibaki bila kazi. Septemba 1942 Hitler aliagiza yageuzwe kuwa magari yenye mzinga mrefu wa milimita 88 na deraya ya mbele yenye unene wa milimita 200. Kampuni ya Alkett ya Berlin ilishughulikia usanifu mpya, Krupp ikatengeneza chumba cha juu cha mapigano, na kufikia Mei 1943 magari yote yalikuwa yamekamilika na kupewa jina la Porsche mwenyewe. Kwa hiyo unapoipima Ferdinand, unapima nyumba iliyojengwa juu ya msingi wa nyumba nyingine. Hakuna mhandisi ambaye angeanza na karatasi tupu akafikia mpangilio ule.

Tuangalie mzinga kwanza, kwa sababu ndio uliokuwa fahari yake. Ulikuwa Pak 43/2 wenye mtutu wa urefu wa mara 71 ya kipenyo chake, yaani zaidi ya mita 6. Kombora lake la kutoboa chuma lilikuwa na uzito wa takribani kilo 10, nalo lilitoka mdomoni kwa kasi ya mita 1,000 kwa sekunde. Kwa umbali wa kilomita 1 liliweza kutoboa bamba la milimita 165 lililolazwa kwa digrii 30. Linganisha na deraya ya vifaru vya Kisovyeti vilivyokuwa mbele yake majira yale ya joto: T-34 ilikuwa na bamba la mbele la milimita 45, ingawa lililala sana, na KV-1 bamba la msingi la milimita 75. Ferdinand ingeweza kuviharibu vyote viwili kwa umbali wa kilomita 2 na zaidi, umbali ambao mizinga yao ya milimita 76 haikuweza kuidhuru kwa mbele hata kidogo.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita wanapotazama tarakimu za kutoboa, nalo ni mstari wa kuruka kwa kombora. Kombora lenye kasi kubwa huruka karibu kwa mstari ulionyooka. Mlenga shabaha asipokadiria umbali sawasawa, akadhani kifaru kipo mita 900 kumbe kipo mita 1,100, bado ana nafasi nzuri ya kukipiga. Kwenye nyanda za wazi za Urusi na Ukraine, ambako jicho huona mbali na hakuna vitu vingi vya kusaidia kukadiria umbali, sifa hii ilikuwa na thamani kuliko milimita kadhaa za ziada za kutoboa. Nadhani hapa ndipo ilipo siri ya mafanikio ya Ferdinand kila ilipopewa nafasi ya kukaa mahali pazuri na kungoja.

Deraya ya mbele nayo ilikuwa ya kutisha. Bodi lilikuwa na bamba la milimita 100, kisha likaongezwa bamba jingine la milimita 100 lililofungwa kwa bolti, na uso wa chumba cha mapigano ulikuwa na milimita 200. Wataalamu wa Kisovyeti walipokagua Ferdinand 21 zilizoachwa kati ya Ponyri na Goreloye, upande wa kaskazini wa Kursk, katikati ya Julai 1943, hawakukuta hata moja iliyotobolewa kwa mbele. Ubavuni kulikuwa na milimita 80 tu. Hiyo si deraya nyembamba kwa viwango vya mwaka 1943, lakini mzinga wa milimita 76 ukiwa karibu, hasa ukiwa na kombora maalumu lenye kiini kigumu, uliweza kuitoboa. Hata hivyo, kati ya magari yale 21, ni moja tu lililotobolewa ubavuni na kombora la mzinga. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa na minyororo iliyokatika na magurudumu yaliyong'olewa na mabomu ya ardhini au makombora. Moja lilipigwa na bomu la ndege, na moja lilichomwa kwa chupa ya petroli.

Ripoti hiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na simulizi la rashasha. Kama askari wa miguu wenye chupa za petroli ndio waliomaliza Ferdinand, uwanja wa Ponyri ungekuwa umejaa magari yaliyoteketea kwa namna hiyo. Haukuwa hivyo.

Ilikuwaje basi? Ferdinand 89 zilipelekwa mbele zikiwa zimegawanywa katika batalioni mbili, ya 653 na ya 654, chini ya rejimenti ya 656, ndani ya Jeshi la 9 la Jenerali Walter Model. Tarehe 5 Julai 1943 ziliongoza mashambulizi upande wa kaskazini wa Kursk, zikielekea Maloarkhangelsk na Ponyri, dhidi ya Jeshi la 13 la Kisovyeti lililokuwa sehemu ya majeshi ya Jenerali Rokossovsky. Wasovyeti walikuwa wamepata miezi ya kujiandaa. Walichimba mahandaki safu baada ya safu, wakapanga mizinga ya kupiga vifaru ili kila mmoja ulinde mwenzake, na wakatega mabomu mengi mno. Zaidi ya hayo, wahandisi wao walikuwa na vikosi vyepesi vilivyokimbia kutega mabomu mapya kwenye njia ambayo vifaru vilionekana kuelekea, hata mapigano yakiwa yanaendelea.

Wajerumani walijua kuhusu mabomu, na walikuwa wameleta magari madogo yaliyoongozwa kwa redio, Borgward B IV, ili yalipue njia mbele ya Ferdinand. Mpango huo ulifanikiwa kwa kiasi kidogo. Njia zilizofunguliwa hazikuweza kuwekewa alama vizuri chini ya mvua ya makombora, na magari makubwa yaliyofuata yaliingia kwenye mabomu yaliyobaki. Kufikia jioni ya siku ya kwanza, sehemu kubwa ya Ferdinand za batalioni ya 653 zilikuwa zimesimama. Nataka uelewe kwamba nyingi hazikuwa zimekufa. Bomu la ardhini lilikata vipande kadhaa vya mnyororo na kuharibu jozi moja au mbili za magurudumu. Mafundi wangeweza kulirudisha gari kazini wakipewa muda na wakilifikia.

Hapo ndipo uzito ulipogeuka kuwa adhabu. Gari lenye uwezo mkubwa kuliko yote ya kuvuta ambalo Wajerumani walikuwa nalo kwa wingi lilikuwa trekta la tani 18 lenye nusu minyororo, na ilihitajika kufunga matrekta kadhaa pamoja ili kuiondoa Ferdinand moja. Matrekta hayo hayakuwa na deraya ya kuwalinda wafanyakazi wake, na Wasovyeti walielekeza mizinga yao mahali popote walipoona kazi ya kuvuta ikianza. Kwa hiyo kazi ilifanywa usiku, polepole, na mara nyingi haikukamilika. Kisha, tarehe 12 Julai, Wasovyeti walianzisha mashambulizi yao makubwa kuelekea mji wa Orel, nyuma ya mgongo wa Jeshi la 9. Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma, kila gari lililokuwa limekwama likawa hasara kamili, na wafanyakazi wengi walililipua wenyewe ili lisitekwe. Hadi mwanzoni mwa Agosti, Ferdinand 39 zilikuwa zimepotea.

Rejimenti ilidai kuharibu vifaru zaidi ya 500 vya Kisovyeti katika kipindi hicho. Madai ya namna hiyo, ya jeshi lolote lile, huwa makubwa kuliko hali halisi, kwa sababu kifaru kimoja hupigwa na watu wawili na kuhesabiwa mara mbili, na kilichopigwa leo hutengenezwa kesho. Hesabu hiyo pia inajumuisha kazi ya vikosi vingine vya rejimenti hiyohiyo. Lakini hata ukiikata kwa nusu, inabaki kuonesha kwamba mzinga ulifanya kazi yake.

Sasa nirudi kwenye rashasha, kwa sababu sitaki udhani naidharau hoja hiyo. Ferdinand ilitumwa kuvunja ngome zilizojaa askari wa miguu. Gari lililotembea polepole likiwa mbele ya askari wake lilijikuta peke yake katikati ya mahandaki, na ndani yake hapakuwa na silaha ya kujibu isipokuwa mzinga mmoja mkubwa na bunduki za mkononi kupitia vitundu vidogo. Wafanyakazi wengine walijaribu kufyatua rashasha kupitia mtutu wa mzinga wenyewe, jambo linaloonesha walivyobanwa. Jenerali Heinz Guderian, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya vifaru, aliilalamikia kasoro hii waziwazi, na lawama zake zimechangia sana kulieneza simulizi tunalolijadili. Alikuwa sahihi kwamba rashasha ilihitajika. Ninachokataa ni kuifanya sababu kuu. Rashasha moja kwenye bodi isingezuia bomu la ardhini kukata mnyororo, wala isingeongeza trekta la kuvuta.

Zaidi ya silaha, kulikuwa na upofu. Kamanda hakuwa na kibanda kidogo cha kutazamia pande zote. Alikuwa na vioo vichache tu, na pembeni hakuona karibu kitu. Mzinga uligeuka kwa pembe isiyofika digrii 30 kwa jumla, hivyo adui akitokea ubavuni, dereva alilazimika kuligeuza gari zima la tani 65 kwenye udongo uliochimbuliwa, huku ubavu ukiwa wazi. Na dereva hakuwa jirani. Kwa kuwa mtutu mrefu ulilazimisha chumba cha mapigano kiwekwe nyuma, injini zilihamishiwa katikati ya bodi. Dereva na fundi redio wakabaki mbele peke yao, na watu wanne, yaani kamanda, mlenga shabaha na wapakiaji wawili, wakabaki nyuma. Hapakuwa na njia ya kupita kati yao. Waliwasiliana kwa waya tu. Waya ukikatika, kamanda alikuwa na gari asiloweza kuliongoza. Kati ya kasoro zote za usanifu, hii ndiyo inayonisikitisha zaidi ninapowafikiria watu waliokuwa ndani yake.

Injini zenyewe zilikuwa mbili za Maybach HL 120, zilezile zilizotumika kwenye vifaru vya Panzer III na Panzer IV, kila moja ikiwa na nguvu ya farasi takribani 300. Ziliwekwa badala ya injini za Porsche zilizoshindwa. Farasi 600 kwa tani 65 ni kidogo. T-34 ilikuwa na farasi 500 kwa nusu ya uzito huo. Kasi ya juu barabarani ilikuwa kilomita 30 kwa saa, na porini pungufu zaidi. Injini zilibanwa mahali pasipo na hewa ya kutosha, zikapata joto kali, na mafuta yaliyovuja juu ya mabomba ya moshi yaliwasha moto ambao haukuwa na uhusiano wowote na adui. Vitundu vya kupitisha hewa juu ya injini viliruhusu vipande vya makombora kupenya. Mfumo wa umeme ulifanya kazi vizuri kuliko sifa yake mbaya inavyosema, na madereva waliuona mwepesi kuendesha, lakini ulimeza shaba nyingi ambayo Ujerumani haikuwa nayo. Uzito uligandamiza ardhi kwa zaidi ya kilo 1 kwa kila sentimita mraba, hivyo kwenye matope gari lilizama, na madaraja mengi ya Ulaya Mashariki hayakuweza kulibeba.

Ukitaka kuona uso mwingine wa gari hilihili, tazama vuli ya mwaka 1943 kwenye eneo la Nikopol nchini Ukraine, kando ya mto Dnieper. Huko Ferdinand zilizosalia hazikuongoza shambulio lolote kubwa. Zilikaa nyuma ya safu ya mbele, zikapelekwa mahali ambapo vifaru vya Kisovyeti vilipenya, na zikapiga kwa umbali mrefu zikiwa na askari wenzao pembeni. Gari lilelile, wengi wa wafanyakazi walewale, bado bila rashasha; na matokeo yalikuwa mazuri mno kwa upande wao. Ningekuwa na ushahidi mmoja tu wa kukupa, ningekupa huo.

Mwanzoni mwa mwaka 1944, 48 zilizobaki zilirudishwa Nibelungenwerk. Zilifungwa rashasha upande wa fundi redio, kamanda akapewa kibanda cha kutazamia, minyororo ikapanuliwa, na jina likabadilishwa kuwa Elefant. Kombania moja yenye magari 11 ilipelekwa Italia dhidi ya Wamarekani na Waingereza waliokuwa wameteremka Anzio. Sasa rashasha ilikuwepo. Lakini udongo ulikuwa wa majimaji, magari yakalazimika kubaki barabarani, madaraja hayakuyabeba, na kwa mara nyingine idadi kubwa ya hasara ilitokana na kukwama, kuharibika na kulipuliwa na wafanyakazi wenyewe. Moja ya zilizotekwa huko imehifadhiwa Marekani, na nyingine iliyotekwa Kursk imehifadhiwa Urusi. Ni hizo mbili tu zilizobaki duniani. Kombania nyingine zilipoteza sehemu kubwa ya magari yao katika mashambulizi makubwa ya Kisovyeti huko Galicia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ukraine na Poland, mwezi Julai 1944, katika mafungo marefu ambayo gari zito na lenye kiu ya mafuta halikuweza kuyastahimili.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kama walijifunza, jibu ni ndiyo na hapana, na linaonekana vizuri katika yaliyozipata batalioni zile mbili baadaye. Batalioni ya 654 ilipewa Jagdpanther. Gari hilo lilibeba mzinga ule ule wa milimita 88 katika bodi la kifaru cha Panther, likiwa na uzito wa takribani tani 45, injini moja ya farasi 700 iliyowekwa nyuma, wafanyakazi wote katika chumba kimoja, rashasha mbele, na bamba la milimita 80 tu lakini lililolazwa sana hivi kwamba ulinzi wake ulikuwa mkubwa kuliko unene wake. Halikukosa matatizo, hasa kwenye gia za mwisho za kuendeshea minyororo, lakini karibu kila kasoro niliyoitaja hapo juu ilikuwa imeshughulikiwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo gari ambalo Ferdinand ilipaswa kuwa tangu mwanzo.

Batalioni ya 653 ilipewa Jagdtiger: mzinga wa milimita 128, uso wa chumba cha mapigano wenye unene wa milimita 250, uzito wa zaidi ya tani 70, na injini ya farasi 700 ya aina ileile iliyosukuma Jagdpanther. Katika miezi ya mwisho ya vita, Jagdtiger nyingi za batalioni hiyo ziliachwa barabarani zikiwa zimeharibika au zimeishiwa mafuta, na wafanyakazi wake wakazilipua kwa mikono yao.